Somo la Kumwinua Mangi

Kijiwe cha Muyeye kiko ubavuni mwa fundi baiskeli: benchi moja, dele moja la kahawa tungu. Asubuhi hiyo Dena hakutulia. Jana alimwangusha kakake Mangi, aliyepooza upande mmoja, akimtoa kitandani, na dada yao wa Magarini keshapiga simu: akianguka tena, anakuja kumchukua. Ndipo Dena akajiunga na mafunzo ya mtandaoni ya wanaowasaidia watu wenye ulemavu. Mtandao ulikatika-katika, naye akisimama, akikaa, akiinua simu juu.

— Kubeba mtu kunafunzwa kwa simu? akauliza Randu, waliyemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kulazwa. Basi mimi nitajifunza kuogelea kwa redio!

— Daktari, niache. Mwalimu anaonyesha miguu inavyowekwa.

— Miguu ya nini? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mangi ni mwepesi, bwana, ila wewe huamini!

— Hiyo simu ndiyo inayokumaliza nguvu, akasema Okoth, jina la kijiweni Tani, kwa unene wake. Mawimbi huingia kiunoni. Mimi nilikuwa simba kabla ya huu mnara kujengwa.

— Ndiyo maana hata minazi haizai, Daktari akaunga mkono.

Video ikafunguka. Dena akaitazama mara mbili, akaiweka simu, akamvamia Tani kwa nyuma, mikono chini ya makwapa, akamnyanyua. Tani akapiga ukelele, akakakamaa mwili mzima, kahawa ikamwagika.

— We! Mbona huniambii? Nilidhani naanguka!

Dena akamwachia. Mangi naye hukakamaa hivyo hivyo kila asubuhi, na siku zote yeye hudhani ni ukaidi.

Zipporah, aliyehamia mtaani juzi, alikuwa kasimama na chupa yake akingoja kahawa, akiwasikia tangu mwanzo.

— Samahani, kaka. Huyo ndugu yako mwenyewe hupenda kushikwa wapi?

Daktari akamtazama Tani. Tani akajifuta kahawa. Dena akatia simu mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alipiga magoti kando ya kitanda.

— Kaka, nataka kukuinua. Nikushike wapi?

Ulimi wa Mangi ulikuwa mzito tangu apooze. Alihangaika na neno hadi jasho likamtoka. Siku nyingine Dena angemmalizia. Leo alifumba mdomo, akangoja.

— Nishike mkono... huu mzima, akasema Mangi. Nitajivuta... mwenyewe.