Chiriku na Nguzo ya Kilabu

Mwaka ule wa pili tangu vita kwisha, ukitaka kujua gari lako lina ugonjwa gani, hukwenda kwa fundi kwanza. Ulikwenda Kibokoni, kwenye baraza ya mawe ya Dzoro muuza kahawa, ukaketi, ukapokea kikombe, ukangoja. Kati ya watu wa pale hapakuwa na hata mmoja aliyemiliki gari, na labda ndiyo maana hawakuwa na shaka. Alikuwako Menza, waliyemwita Spana kwa kuwa alitengeneza cherehani na baiskeli. Alikuwako Kamaludin, karani mstaafu wa forodha, aliyeitwa Redio tangu siku za vita, maana habari zilimfikia yeye kabla hazijatokea. Na Nuruddin muuza dawa za miti, ambaye alikuwa Daktari kwa hisani ya baraza. Alasiri hiyo mgonjwa alikuwa mbele yao: Chiriku, gari dogo jekundu la mashindano, la watu wawili tu, limeegeshwa kando ya baraza na uso umepondeka.

Mwenye gari alikuwa Sattar, mzee wa duka la misumari na rangi kule Bondeni. Alilinunua kwa afisa mmoja wa manowari aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku hiyo alilipenda mapenzi ya kuchekesha watu. Alilipa jina la Chiriku kwa vile injini yake haikujua kunyamaza. Vumbi alilifuta mwenyewe, kwa kitambaa chake cha mfukoni, na wateja dukani wakangoja.

Chengo, dereva wake, aliketi mwisho wa baraza na kikombe kilichokwisha poa. Mji mzima ulijua kwamba Chengo ndiye aliyelibamiza Chiriku kwenye nguzo ya lango la kilabu ya Wazungu, kule Mbaraki. Mji mzima ulikuwa umekosea. Aliyeshika usukani ni Sattar. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mkewe Khursheed alikwisha mwapisha asiguse usukani tena. Akiugusa, gari linauzwa. Akaugusa. Jioni ile hakuuona mkokoteni mpaka Chengo alipopiga kelele, akakata kwa ghafla, nguzo ikawapokea. Walipotoka wazima, Sattar alimshika Chengo mkono akamwomba aseme ni yeye. Chengo alimwona mtu mzima anatetemeka barabarani, akamwonea huruma, hakusema ndiyo wala siyo. Alinyamaza tu, na kunyamaza huko kukazunguka mji.

Sasa Khursheed alikuwa amekata shauri. Kosa likiwa la gari, litengenezwe. Likiwa la dereva, dereva aende zake. Ndipo Sattar akalileta gari barazani likaguliwe, likisukumwa na vijana walioshika usukani kutoka nje. Kazi ya Chengo ilikuwa ikipimwa pale, na jina lake pia, maana dereva akifukuzwa Kibokoni asubuhi, adhuhuri Ganjoni wamekwisha sikia, na nani tena atampa usukani?

Spana alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu nje. Sauti yake ilitoka huko kama ya mtu aliye kisimani.

— Rejeta imetoboka, lakini italehemeka. Madigadi ya kushoto imekunjika kama sambusa. Hiyo mpelekeeni mfua shaba, yule wa madele ya kahawa. Anayenyoosha sinia hashindwi na madigadi.

— Na taa? akauliza Redio.

— Moja imekufa. Tutatafuta ya meli.

Hiyo taa ya meli ilizua mabishano ya kikombe kizima. Redio, aliyeshinda forodhani ujana wake wote, alisema taa za meli upande mmoja ni nyekundu na upande wa pili ni kijani, na haiwezekani mtu wa heshima apite mjini na jicho moja la kijani kama paka. Daktari hakuona ubaya, bora liwake. Sattar aliwaacha mpaka wakachoka, kisha akauliza polepole:

— Na usukani?

Hilo ndilo lililowaleta.

— Mzima, alisema Spana. Na breki nzima. Nimezijaribu kwa mkono.

Spana mwenyewe aliona jibu lake halina utamu, akaongeza kwamba kuna bolti moja imelegea, ni hii hewa ya chumvi, imekula mpaka mageti ya forodha sembuse bolti. Lakini Redio alikwisha weka kikombe chini, na Redio akiweka kikombe chini ujue mna kazi.

— Gari halina kosa na dereva hana kosa, alisema. Yule afisa aliyeliuza alikuwa akinywa wapi?

— Kilabuni, akasema Daktari.

— Kila jioni?

— Kila jioni.

— Basi. Gari lilifika langoni, likaingia. Limekosea kidogo tu.

Akawakumbusha punda wa muuza maji wa Bondeni, aliyeuzwa kwa mtu mwingine lakini akawa kila asubuhi anasimama kwenye milango ya wateja wa zamani, hata apigwe vipi. Spana alitoa kichwa nje akasema gari halina akili. Redio akamwuliza, kwa nini basi asubuhi nyingine hukataa kuwaka? Spana akafikiri, kisha akarudisha kichwa chini.

Daktari alisema kisa cha punda ni kizuri lakini hakitoshi. Tatizo la Chiriku ni viti. Gari la viti viwili likienda na mtu mmoja, kile kitupu kinaita mgeni, na kule Mbaraki wageni wenyewe anawajua. Kuna jini wa kike hupenda kupandishwa magari, hasa mekundu. Hupanda, hukaa kimya, na likimvutia jambo kando ya njia huuvuta usukani.

— Chengo, mwanangu, alisema. Kiti cha kando siku ile kilikuwa na mtu?

Mpaka hapo Chengo alikuwa hajasema uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililokuwa likimpa usingizi. Alimtazama Sattar. Sattar aliinamia kikombe chake.

— Hakikuwa na mtu, alisema Chengo. Nilikuwa peke yangu.

Akajichukia palepale.

Daktari alifurahi akaagiza kahawa nyingine. Lakini Redio hakuwa mtu wa kuona nadharia yake inapitwa na ya muuza mizizi. Alisema sawa, jini yupo, lakini jini hamvuti mkono dereva aliye macho, humpata aliyesinzia. Hapo mambo yakageuka. Daktari alikumbuka kumwona Chengo akipiga miayo karibu na msikiti. Spana, kutoka chini, alikiri kwamba usukani mzima haujipindi wenyewe. Jini akasahauliwa, punda akasahauliwa, na kabla kahawa haijapoa baraza ilikuwa imekubaliana kwamba Chengo alilala. Redio akamshauri Sattar, kwa upole wa mtu anayetoa ushauri wa bure, atafute dereva mwingine, mtu wa makamo.

Wote wakamgeukia Sattar.

— Tutaona, alisema. Likishatengenezwa.

Neno hilo lilimuuma Chengo kuliko yote ya jini na miayo. Alikuwa amengoja mtu huyo aseme jambo moja tu la kumtetea, hata dogo, na hakulisema.

Ndipo akaja Kingi, dereva wa lori la gereji aliyeitwa kulivuta gari, kamba begani. Lori lake lilikuwa limesimama mdomoni mwa kichochoro kwa kuwa halikuweza kuingia. Kingi hakuwa mtu wa baraza na hakuwa na nadharia. Alisalimia, wakamwitikia, akafunga kamba yake mbele ya Chiriku akaivuta kuijaribu. Kisha akafungua mlango wa dereva.

— Ingia ushike usukani, alimwambia Chengo. Nitakuvuta polepole.

Chengo alisimama, na alijua kitakachotokea kabla hajafika. Yeye ni mtu wa kuinama kwenye kila mlango wa Kibokoni. Aliingiza mguu mmoja, goti likagonga usukani. Akautoa, akaanza na mgongo, magoti yakamfika kidevuni na mlango ukakataa kufungwa. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, karibu kifua kiguse usukani, kama anavyokaa mtu mfupi anayejisogeza apate kuona njia. Tangu siku ya nguzo hapakuwa na aliyekigusa.

Kingi alimtazama alivyojikunja, nusu ndani nusu nje, akauliza bila ubaya wowote:

— Siku ile ulikaaje humu?

Redio alikichukua tena kikombe chake. Daktari hakumtaja jini. Spana alitoka chini ya gari, akatazama kiti, akatazama magoti ya Chengo, kisha akatazama miguu ya Sattar, ambayo pale barazani ilikuwa inaning'inia bila kugusa chini. Chengo angeweza kusema kiti kilisogea kwa kishindo, wangemwamini. Hakusema. Alikuwa amechoka.

Sattar aliweka kikombe kando yake. Kikakosa ukingo wa baraza, kikaanguka kikavunjika. Akashuka, akatembea huku mkono wake ukipapasa ubavu wa gari mpaka mlangoni, Chengo akampisha. Sattar aliinama, akapata kishikio cha kiti mara moja, akakisukuma kiti nyuma mpaka mwisho.

— Aliyekaa humu ni mimi, alisema. Sikuuona mkokoteni. Hata wewe Kingi uso wako siuoni, nimekujua kwa sauti.

— Sattar bhai, alisema Redio, Khursheed akisikia, gari litauzwa.

— Atasikia kwangu. Leo.

Kisha akamgeukia Chengo.

— Nimekukosea. Niwie radhi.

Chengo alikuwa na hasira bado na hakuificha.

— Haya, bwana, alisema, basi.

Aliingia, miguu ikapata nafasi. Sattar alizunguka kwa kupapasa akakaa kiti cha pili, mikono magotini, uso mbele. Kingi alikwenda kwenye lori lake, kamba ikakaza, na Chiriku akaanza kuvutwa kichochoroni taratibu, bila sauti hata ya injini.

— Unieleze njia, alisema Sattar. Pengine ndiyo safari ya mwisho na gari langu.

Chengo alinyoosha usukani ufuate kamba. Kisha akasema:

— Kulia watu wametoka kutazama. Mbele kuna mbuzi, hataki kupisha.

— Mpigie honi.

Honi ya mpira ilikuwa nzima, pale kando ya usukani. Chengo hakuipiga. Aliuchukua mkono wa Sattar, akauweka juu ya honi.