Waliomlilia Phoebe

Reuben, acha kuchokoa moto, kaa chini. Nawe Dorcas, mwanangu, niwekee mto mgongoni nipate pumzi ya kusema, maana daktari kaniamuru ninyamaze, lakini kimya nitakipata tele huko niendako. Mmekuja kusikia nani ameachiwa nini, nami sitawaficha. Ila mali yangu ina habari zake, na asiyetaka kuzisikia habari hizo asiiguse mali.

Mnajua kwamba ujanani nilikuwa mfumaji katika kiwanda cha kule kilimani, na kwamba mtaani kwetu mimi Thirza, binti Amos Ashworth, ndiye niliyeweza kusoma kwa sauti bila kukwama. Siku zile Bwana Ambrose Tindall wa London alikuwa akitoa hadithi yake vipande vipande, kila mwezi kijitabu kimoja, nasi tulichanga peni zetu tukanunua kimoja cha mtaa mzima, na Jumapili baada ya ibada watu wakajazana jikoni kwa Hepzibah Clegg, mjane aliyefua nguo za watu, kwa sababu yeye peke yake hakujali matope ya viatu vyetu sakafuni mwake.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na riwaya kwake zilikuwa uongo uliopigwa chapa. Mara ya kwanza alisimama nje, ananingoja anirudishe nyumbani. Mara iliyofuata alisimama kizingitini. Halafu akaja na kigoda chake, akakiweka karibu yangu kuliko mtu yeyote, na nilipovuta pumzi kidogo alinigonga goti: "Soma, binti, usituache njiani."

Hadithi ilikuwa ya msichana mshonaji, jina lake Phoebe, aliyedanganywa na kijana wa kitajiri akabeba mimba, na baba yake akamfukuza theluji ikianguka. Wanangu, watu walilia! Jacob, mwendesha mkokoteni wa makaa, mwanamume mwenye shingo kama fahali, alisimama akapiga meza. "Nikikutana na baba wa huyo msichana nitamvunja taya! Hata mbwa hamtupi mwanawe!" Na baba yangu, kwa masikio yangu haya nilimsikia, akajibu, "Huyo si mzazi, Jacob. Huyo ni jiwe."

Hepzibah peke yake hakulia. Alikuwa akisinzia karibu na jiko, mdomo wazi, na tulipomwamsha kwa kwikwi zetu alituzomea: "Haya, lieni! Mtu wa karatasi huyo, hali wala hanyi. Mkimaliza kupenga makamasi njooni mnikamulie mashuka." Wanawake walimwona hana moyo. Mimi pia nilimwona hivyo.

Mwezi ambao Phoebe alikufa, habari zilitangulia kijitabu kutoka mjini. Mnajua mfumaji hasikii kitu mitambo ikinguruma, husoma midomo. Basi nilimwona msichana wa mwisho kule dirishani akisema kwa midomo, "Amekufa," na wa pili akampokeza wa tatu, mpaka kiwanda kizima kikawa kinalia bila sauti huku mikono haisimami. Jumapili hiyo wanawake walivaa utepe mweusi, na baba yangu hakugusa chakula.

Mimi wakati huo nilikuwa na siri tumboni. Fundi mmoja wa mitambo aliniahidi ndoa, kisha akapanda meli kwenda Amerika, na tangu hapo sijui kama aliishi au alikufa. Niliogopa, lakini si sana, nami nawaambia ukweli huo ili mjue nilivyokuwa mjinga. Nilijiambia: hawa ndio watu waliomlilia Phoebe. Nimeyaona machozi yao. Baba yangu ndiye aliyemwita mwenzake jiwe.

Nikamwambia Jumatatu, siku ya kufua, kamba za nguo zimevuka barabara na kila mwanamke yuko nje. Hakunipiga. Aliingia ndani, akatoka na nguo zangu zimefungwa katika shali, akaziweka juu ya mawe ya barabara, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Nikamwambia, "Baba, si ulimlilia Phoebe?"

Akasema, "Phoebe hakuniaibisha mimi."

Akafunga mlango. Mkuki kwa nguruwe, wanangu. Niligeuka nikawatazama watu wangu. Jacob aliinama akakagua kwato za farasi wake. Wale wa utepe mweusi waliwaita watoto wao ndani, mmoja baada ya mwingine, nami nikasikia milango. Nikabaki nimesimama katikati ya mashuka ya watu.

Ndipo Hepzibah akapiga kelele kutoka kwake, povu limempanda mpaka kwenye viwiko: "Umesimama hapo kama mlingoti kwa nini? Ingia, uji unapoa! Na hilo tumbo lisiwe sababu ya kunitegea kazi!"

Hilo tumbo, Reuben, lilikuwa wewe. Ulizaliwa jikoni mwake, na Hepzibah ndiye aliyekupiga makofi mpaka ukalia. Silas, baba yake Dorcas, alikuja baadaye akakupa jina lake, Mungu amrehemu. Lakini kabla ya jina ulipewa uji.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Miaka ikapita, baba yangu akapofuka, akaniita. Nikaenda, kwa kuwa damu ni damu, nikadhani ananiita kuniambia neno. Alikuwa kitandani, ameshika hadithi ile, sasa imejalidiwa kitabu kizima. Akasema, "Nisomee pale anapokufa." Nikasoma. Machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu. Nikashindwa, nikaweka kitabu chini, nikamwambia, "Baba, mimi sikufa. Mimi niko hapa."

Kisha akapapasa goti langu akaligonga. "Endelea, binti. Usituache njiani."

Nikaendelea mpaka mwisho. Alizikwa wiki hiyo. Mnaniuliza kama nimemsamehe? Kuna siku naweza, kuna siku siwezi, na leo sijui ni siku gani.

Sasa sikia, Reuben, na usitazame dirisha. Kila Krismasi unakifungua kitabu hicho mbele ya familia yako, unasoma, unafuta macho, na jirani wanakusifu kwa moyo wako laini. Na wiki iliyopita mwanao Lettice alikuja kwako na tumbo lake, ukamwambia asikanyage tena nyumba ya watu wa heshima. Ulidhani sitajua? Dorcas ameniambia, na usimkemee dada yako. Lettice analala huko chini mtoni, chumba cha kupanga, ukutani maji yanachuruzika. Mtoto akinyea kiganja hakikatwi, baba; wewe umekata mkono mzima.

Basi huu ndio wosia. Vyombo na kitanda hiki ni vya Dorcas, pamoja na saa ya Silas. Kitabu ni chako, Reuben, maana unakipenda. Nyumba hii ni ya Lettice. Mwanasheria ameshaandika, nami nimetia sahihi, wala usihangaike kubishana na maiti. Mnizike kando ya Hepzibah, si kando ya baba yangu, na mtu yeyote asinivalie utepe mweusi.

Unalia? Usinililie mimi, mwanangu. Machozi yako nayajua. Nataka miguu yako. Nenda mtoni mwenyewe umlete, usimtume mtu, na ukifika usimhubirie; mwambie tu uji upo. Vaa koti, mvua hiyo. Nenda.

Mungu akutangulie, Reuben... akulainishe ulimi. Na huyo aliye tumboni, Mungu ampe... ampe mlango, na sauti ya kumwita ndani. Nawe Dorcas, uliyekaa nami bila kuchoka, mikono yako isipungukiwe... isipungukiwe kamwe.

Mguu unaniganda. Funika... hapo, ndiyo.

Dorcas, nenda dirishani. Ameshika njia ipi? Ya kwake, au ya mtoni?

Ya mtoni, wasema.

Basi niinue kidogo. Nisukie nywele... Mjukuu wangu asinikute nimelala.