Sikio la Fundi Gonga

Wasikilizaji wapendwa, Fundi Gonga alikuwa kiziwi. Alikuwa kiziwi, akaficha, na kitu alichokipenda kuliko vyote kilitaka masikio. Mkewe ndiye aliyetaka tuanze na hilo. Tumeanza nalo.

Jina la Gonga alipewa gereji. Alinyoosha bodi za magari, nyundo mkononi tangu ujana mpaka mvi. Lakini Jumamosi humpati mjini. Kiguu na njia! Alikusanya yeyote mwenye viatu vya maana, wakapanda lori la rafiki yake dereva, wakaenda kutazama mawe. Leo korongo, kesho mto uliokauka, mara nyingine machimbo yaliyoachwa.

"Mlima ni gari la mkono wa tano," aliwaambia. "Kwaruza rangi uone wamiliki wote waliopita." Kisha akawaonyesha. Chini, chokaa nyeupe, ziwa lililala hapa. Juu ya chokaa, majivu ya volkeno. Juu ya majivu, mchanga mwekundu. Watu waliokuja kwa kumpa kampani walirudi na mifuko imejaa mawe.

Kabla mtu hajasimama chini ya ukuta wa mwamba, Gonga aliupiga nyundo. Jiwe zima hulia, ngii! Jiwe lililoachana ndani kwa ndani halilii, hutoa sauti ya gunia. Likilia, mnapita. Lisipolia, hapiti mtu. Ndiyo ilikuwa sheria yake, na miaka yote hakuna aliyechubuka hata ukucha.

Mkewe ni mshonaji. Siku moja birika lilipiga filimbi jikoni, Gonga amekaa pale pale anasugua jiwe kwa mswaki mkuukuu. Birika likapiga kelele mpaka maji yakaisha. Mke akaja mbio, akamgusa bega. Gonga akaruka kama mwizi.

"Mzee, husikii?" akamuuliza, uso kwa uso.

Akatazama birika. Akaelewa kwamba ameshikwa.

"Twende kwa daktari."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akajibu, akicheka. "Usinipotezee dawa, mama."

"Basi waambie watu wako."

"Niwaambie, halafu? Jumamosi nikae barazani nihesabu wapita njia? Utanizika nimekaa."

Mke alijua hasemi uongo. Mtu huyu hata chai aliinywa amesimama, funguo zikicheza mfukoni. Kumkalisha ni kumuua. Basi akajitwika mzigo usio wake.

"Nitakuja nawe. Jiwe likiwa baya, nitakohoa."

"Ukohoe nisikie na nini?"

Wakacheka mpaka machozi. Mwisho wakakubaliana kuhusu mtandio. Jiwe likilia, mtandio unabaki kichwani. Likiwa bubu, unashuka mabegani.

Ikaenda hivyo. Gonga anapiga ukuta, anageuka kama mtu anayetafakari, anatazama mtandio wa mkewe, ndipo anatoa amri. Wenzao wakawatania. "Mapenzi ya uzeeni haya! Bibi hamwachi bwana hata hatua!" Gonga mwenyewe aliongea bila kupumua ili asiulizwe. Ukimuuliza la leo, anakujibu la jana. Watu wakasema ni uzee. Mke alikosa usingizi. Kila Ijumaa alishona sketi ileile, akaifumua, akaishona tena.

Sasa sikilizeni vizuri, wasikilizaji wapendwa. Jumamosi ile binti yao alishikwa na uchungu wa kujifungua. Mama mtu akatakiwa hospitali.

"Ahirisha safari," akamwambia mumewe.

"Watu wameshapanda gari."

"Basi mtoni tu. Ukuta wowote usiuguse."

"Mtoni tu," akasema Gonga, na mguu mmoja tayari uko nje ya mlango.

Walikwenda mtoni kweli. Lakini kutoka mtoni machimbo yanaonekana, na mvua ilikuwa imemega ukuta wake upya. Tabaka zote nje, zinang'aa kama rangi mbichi. Gonga hakuweza kutulia. Akawaambia wasubiri nyuma, akausogelea, akapiga nyundo. Akageuka kwa mazoea. Mtandio haukuwepo.

Akaugeukia ukuta tena, akaweka kiganja kwenye jiwe kama anayempima mtoto homa.

Wote waliisikia ile sauti. Muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwepo anasema, "Lilitoa sauti ya gunia. Hata mimi nililijua. Lakini nikajiambia, fundi anasikia zaidi yangu."

Dereva peke yake ndiye aliyepaza sauti. "Fundi! Mbona halilii hilo?"

Gonga alikuwa amewapa mgongo. Akaingia chini ya ukuta. Dereva akaita tena, kisha akakimbia kumvuta. Ukuta ukashuka.

Kwenye mazishi, shemeji mmoja asiyejua lolote alisema kwa uchungu, "Aliambiwa asiende, akaenda. Sikio la kufa halisikii dawa." Mjane akainuka, akatoka nje, akazunguka nyumba. Akazunguka tena. Tulipomkaribisha studio hapa, alikataa kiti.

"Nilimfichia siri," alisema. "Wangejua, dereva asingeita. Angetupa jiwe mbele yake, angepunga shati. Waambie watu hivyo."

Tumewaambia. Pole kwako, mama. Pole kwa binti, na kwa dereva, ambaye anatusikiliza akiwa wodini. Nanyi mlioko nyumbani, mtazameni mzee wenu hapo alipo. Anasikia, au anaitikia kwa kichwa tu? Muulizeni mkiwa nyuma yake. Na akiona aibu, msimsaidie kuificha.

Fundi Gonga alikuwa kiziwi, na siri hiyo imegharimu hivi. Mume mmoja. Mguu wa kulia wa dereva, kuanzia gotini. Babu wa mtoto aliyezaliwa adhuhuri ileile. Na Jumamosi zote, maana lori halijaenda tena popote.