Mama Ramani na Mtaa wa Bondeni Alioupita

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake wa mwisho. Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1983, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mpishi wa shule. Tukicheza kujificha, yeye hatafuti. Anakaa, anawaza fulani atakimbilia wapi, kisha anatangulia. Mara ngapi nimeingia mbio nyuma ya tangi la maji nikamkuta ameketi, anacheka!

Alimaliza sekondari mwaka 2002, akasomea takwimu chuoni. Nyumbani hatukuwa na umeme, kwa hiyo simu yake ya kwanza ilikuwa ikilala kwenye kibanda cha kuchaji. Mwaka 2010 aliolewa na mwalimu wa hesabu, Mungu akawajalia mabinti wawili.

Idara ya afya ilimwajiri mwaka 2008. Baadaye akapewa kazi ya kufuatilia simu za watu, bila majina, zinavyohama kutoka mtaa wenye maradhi kwenda mingine, ili dawa na maji safi vifike kabla ya ugonjwa. Aliifanya vizuri hata akaitwa Mama Ramani, nasi tukajivuna naye, tusiseme uongo.

Kipindupindu kilipoingia mwaka 2019, ramani ilionyesha mtaa wa bondeni hauna anayeingia wala kutoka. Muuguzi mmoja akamwambia, "Dada, kule watu wamejaa tele." Akajibu, "Simu zina sababu gani ya kunidanganya?" Magari ya dawa yakaupita. Kumbe bondeni hakuna umeme, na simu zao zilikuwa ng'ambo ya barabara, kibandani, zinachajiwa. Walikufa watu kumi na mmoja, akiwemo mke wa kinyozi wa mtaa huo.

Tulimwambia ni bahati mbaya tu. Akawaka. "Msinifariji! Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini mimi njaa hiyo niliijua, nikaisahau." Alishuka bondeni kuomba radhi. Kinyozi alimsikiliza mlangoni, akasema, "Nimekusikia, mama. Nenda." Tangu hapo hakutoa ramani kabla hajaukanyaga mtaa kwa miguu yake. Usingizi ulimhama. Sisi tukazoea kumwona hivyo, na hilo linatuuma.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2021. Tarehe 3 Februari 2024 alipata kiharusi, akafariki hospitalini tarehe 11, mumewe amemshika mkono. Nilipomuahidi wasifu mzuri, alisema kwa taabu, "Bondeni usiiruke. Nimeiruka mimi, inatosha."

Ameacha mume, mabinti wawili, wazazi, na sisi wadogo zake watatu. Kinyozi yuko hapa, amesimama kule nyuma. Asubuhi nilimwuliza kama naweza kusoma kwamba amemsamehe. Akanijibu, "Usiseme hivyo. Sema nimekuja kumzika."

Basi nimesema. Pumzika, dada. Na wale kumi na mmoja nao wapumzike kwa amani.