Vyumba Kumi na Viwili vya Lameck

Kijiwe chetu cha Miyuji ni benchi moja refu ubavuni mwa duka la mabati. Hapo Hashimu, mtu wa Kondoa, anauza kahawa na kashata. Ana vikombe kumi na viwili, na anavilinda kuliko hela yake. Jumamosi ile Lameck, fundi baiskeli, alikuja na shida ya kweli. Nyumba ya tembe ya mama yake kule Mvumi iliporomoka upande mmoja mvua za mwaka jana, na mama wa watu sasa analala chini, sebuleni kwa binti yake, pamoja na wajukuu wanne. Lameck ameuza maksai wawili, kiwanja anacho hapa hapa Miyuji, na amemwahidi mama vyumba viwili kabla mvua hazijaanza. Fundi anachimba msingi Jumatatu. Alitaka tu tumsaidie kupanga. Kosa lake ni kutuuliza sisi.

Ramani hakuwa nayo, kwa hiyo akaweka vikombe viwili vitupu juu ya benchi. Hiki chumba cha mama, hiki changu, choo kwa nyuma. Hela inatosha, alisema, ikibaki kidogo atanunua tangi la maji.

Sostenes tunamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kubeba zege miezi mitatu. Alivitazama vile vikombe kwa huruma.

— Hilo ni banda, Lameck. Chimba msingi wa vyumba sita.

— Kwa hela gani?

— Msingi ukishakuwepo, hela inaona aibu, inakuja yenyewe.

Akaongeza vikombe vinne. Yoramu, yaani Mheshimiwa, aliyeendesha magari ya wakubwa mpaka akastaafu, akasema serikali yote imehamia Dodoma na maofisa hawana pa kulala. Akaweka vitatu vya kupangisha, kila kimoja na bafu lake. Kodi yao ndiyo itakayojenga nyumba.

— Watapangaje nyumba ambayo haijajengwa? Lameck akauliza.

— Ndiyo maana ya mipango, kijana.

Mimi nami, sitajificha, niliongeza baraza ya kunywea kahawa, maana benchi hili linanimaliza mgongo. Vikafika kumi, na viwili vilivyobaki Lameck na Mheshimiwa walikuwa wanavinywea. Mteja mmoja akaja, akakosa kikombe, akaenda zake. Hashimu akasonya, lakini hakuna aliyemsikia, kwa sababu Injinia alikuwa ameshaanza kupandisha kikombe juu ya kikombe. Ghorofa.

Kilichoniuma ni kwamba Lameck alianza kunogewa. Kikombe cha kumi na moja alikiweka mwenyewe, gereji ya magari mawili, na mtu ana baiskeli moja isiyo na kengele. Cha kumi na mbili Mheshimiwa alikiweka kileleni kabisa. Paa liwe bapa, alisema, ili helikopta itue. Babu zetu walijenga tembe zenye paa bapa kwa sababu walishaona mbali. Hilo nalo tulilijadili, tena kwa makini, na Lameck akatoa simu kumpigia fundi apanue msingi.

Hapo bodaboda ikasimama. Akashuka mama yake Lameck mwenyewe, Mama Anyesi, ametoka Mvumi na kifurushi cha mlenda mkavu, amekuja kukiona kiwanja. Tukasimama wote.

— Mbukwenyi, wanangu, akatusalimu kwa Kigogo.

— Mbukwa, mama. Karibu ukae.

Akakaa, akanyoosha magoti yake taratibu. Injinia akamtembeza nyumba nzima kwa kidole, kuanzia gereji, akipitia kwa maofisa, hadi kwenye helikopta. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamgeukia mwanawe.

— Nyumba nzuri, baba. Sasa mimi nahamia lini?

Injinia alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alinitazama mimi. Mimi nikatazama kashata.

— Na kahawa nimpe mama kwa kitu gani? Hashimu akauliza. Vikombe vyote mmejengea.

Lameck akairudisha simu mfukoni. Akaiondoa helikopta, akaitia kwenye ndoo ya kuoshea. Ikafuata ghorofa, ikafuata gereji. Maofisa walihamishwa bila notisi, na Mheshimiwa akageuza uso pembeni. Baraza yangu niliitoa kwa mkono wangu, na nasema kweli, iliniuma. Vikabaki viwili pale pale vilipokuwa asubuhi.

— Kabla ya mvua, mama, Lameck akasema. Jumatatu wanachimba.

— Changu kipi?

— Hiki hapa.

— Basi kitie kahawa.

Hashimu akainamisha birika. Ikatoka nusu kikombe, ya mwisho, na siku ile hakuna aliyelalamika.