Mistari Miwili ya Mama Glavu

Marehemu dada yetu, ambaye nusu yenu mlimwita Mama Glavu, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Alisoma hadi chuo kikuu, akawa mtafiti wa vimeng'enya vinavyokata RNA, ule uzi mwembamba unaobeba maagizo ya kutengeneza protini mwilini.

"Vimeng'enya vya jasho la mkono hukata ovyo," alikuwa akitueleza mezani, tuulize tusiulize. "Changu kinachagua. Kinatafuta mkunjo mmoja tu kwenye uzi. Kikiukuta kinakata hapohapo, kisipouona kinapita zake." Mumewe, waliyefunga naye ndoa tarehe 12 Desemba 1987, alizoea kufukuzwa kwenye friji hadi anawe mikono.

Mwaka 1996 sampuli zake za miaka miwili ziliharibika. Alimlaumu fundi wa maabara, baba wa watoto watatu, kwamba alizishika bila glavu. Fundi aliapa hakufanya hivyo, lakini nani angemsikiliza? Alifukuzwa mbele ya wenzake wote, na barua aliisaini dada.

Januari mwaka jana saratani ya ini ilimlaza. Akaomba aletewe mafaili yake ya zamani. Mdogo wake anayesoma wasifu huu ndiye aliyeyabeba, na ndiye aliyemwona akishika picha moja ya sampuli zile, ile inayopanga vipande vya uzi kwa urefu wake. Jasho la mkono lingeacha vipande vya kila urefu, picha nzima ukungu mtupu. Hii ilikuwa na mistari miwili safi. Uzi ulikatwa mara moja tu, pale kwenye mkunjo.

"Ni kimeng'enya changu," alisema. "Nilikitia mwenyewe kwa pipeti chafu. Yule bwana hana kosa."

"Kwani picha hii hukuiona wakati ule?"

"Niliiona. Nilikuwa na hasira, sikuitazama."

Fundi alitafutwa, akaja hospitali, akaombwa radhi. Alisikiliza hadi mwisho. "Nimekusikia, mama," akasema, akaaga. Dada alilia siku mbili, kisha akaagiza haya yasomwe hadharani, kwa kuwa alimwaibisha mtu hadharani. Alifariki tarehe 3 Juni mwaka huu, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake huyu. Fundi amepelekewa mwaliko; hadi karatasi hii inachapwa, hajajibu. Dada yetu hakuondoka na amani. Tumwombee aikute huko anakopumzika.