Utepe wa Mlango wa Jikoni

Asubuhi, kabla Kinyozi hajapata mteja, benchi la mbele ya kibanda chake huwa letu. Birika la kahawa liko chini, vikombe ni vidogo, maneno ni makubwa. Siku hiyo alikuja Dereva, aliyestaafu zamani ila jina likakataa kustaafu naye, amebeba kipande kirefu cha alumini kama mtu aliyerudishiwa barua ya posa. Ulikuwa ule utepe wa kufunika ukingo, pale vigae vya sebuleni vinapokutana na sakafu ya jikoni. Kaubandika kwa gundi, umebanduka. Kaubandika tena, asubuhi kaukuta umeinama pembeni.

Sababu ya kuhangaika tuliijua. Mkewe, Shemeji yetu sote, tangu apate kiharusi anaburuta mguu wa kushoto, na ukingo ule ulishamwangusha.

— Gundi feki hiyo, akasema Kinyozi.

— Gundi haina kosa, akajibu Waziri, tunayemwita hivyo kwa kuwa ana majibu ya kila wizara. Sakafu inatoa jasho usiku. Nyumba inapumua kama mtu.

— Mbona vigae havibanduki?

— Vigae vimeshazoea.

Nikamuuliza Dereva kama alisafisha kwanza. Akasema alifuta vumbi na mafuta, akausugua utepe kwa msasa upande wa chini, akakandamiza kwa matofali. Ila matofali aliyaondoa kabla ya kulala, Shemeji asije akajikwaa.

Waziri alikuwa bado hajamaliza.

— Jamani, alumini si ndiyo inayotengenezewa ndege? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Huo utepe asili yake kupaa.

Tukacheka, hata Dereva. Kinyozi akanogewa.

— Mimi nilikwambia upige misumari, ukasema vigae vitapasuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Neno lilikuwa limeshatoka. Benchi zima likatazama chini. Kinyozi akachukua birika, akamjazia Dereva kikombe mpaka juu, ingawa zamu ya kumimina haikuwa yake. Hivyo ndivyo Kinyozi anavyoomba radhi.

Hapo akafika mshonaji aliyehamia chumba cha jirani, kuja kununua kahawa. Akatuamkia, tukamwitikia. Alikuwa ameyasikia yote tangu mlangoni kwake.

— Baba, akamwambia Dereva, mama umemwambia asiukanyage mpaka ukauke?

Waziri alikohoa. Dereva akazungusha kikombe mkononi, kisha akaeleza polepole kwamba Shemeji huamka alfajiri kumchemshia chai, na njia yake ni hapo hapo. Akimkataza, atauliza utepe ni wa nini. Yeye alimwambia ni urembo.

— Hataki kusikia neno mguu, akasema. Na mimi sitaki kuwa wa kulitamka.

Akaondoka, kahawa kaiacha.

Kesho yake alichelewa. Alipofika alituhadithia bila kuulizwa. Alimwambia mkewe ukweli, kasimama mbele yake kama mwanafunzi. Shemeji akasema:

— Nilijua tangu siku ya kwanza. Tangu lini wewe ukajua urembo? Nilikuwa nangoja uniambie.

Wakaubandika pamoja. Yeye Shemeji alishika ncha isiende upande, Dereva akakandamiza. Wakapanga matofali juu, na safari hii yakabaki. Shemeji akawekewa kiti sebuleni, mume akazungukia mlango wa nyuma kuingia jikoni. Akapika, mkewe akimwelekeza kutoka ng'ambo ya matofali: punguza moto, chumvi yatosha, hivyo vitunguu vinaungua, mimi navisikia harufu. Dereva alisema hawajacheka hivyo tangu wakati wa hospitali.

— Sasa utepe umeshika? akauliza Kinyozi.

— Umeshika. Asubuhi nimeondoa matofali, Shemeji yenu kaukanyaga kwa mguu ule ule, akapita.

Akanyanyuka, akajikung'uta suruali.

— Ila amesema gundi haijakauka vizuri. Leo pia nipike mimi.